Mkia wa Mstaarabu

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Najua kuna joto. Naona kanga zinapepea, naona mwingine kule nyuma anajipepea na ratiba ya ibada, nami simkatazi, mabati haya hayana huruma. Jipepeeni tu, ila masikio mniachie mimi.

Leo nataka kusema habari za mkia. Msicheke. Juzi mtoto mmoja wa hapa hapa, simtaji, alirudi nyumbani na ripoti ya shule, akaambiwa ameshika mkia, akalia mpaka chakula kikamshinda. Nasi wakubwa maombi yetu ni yale yale, kila mtu anaomba awe kichwa. Hata kwenye foleni ya maji hakuna anayeutaka mkia. Aliyeshindwa tunasema kafyata mkia. Neno zima tumeligeuza tusi.

Lakini aliyeumba mkia hakuwa anatania. Mbwa wako anapokuona unarudi safari, furaha yote ile angeiweka wapi? Mjusi si ameuacha mdomoni mwa paka, akapona? Kondoo wetu wa huku shibe yake ya kiangazi ameiweka huko nyuma. Hata tiara ya mtoto bila mkia hairuki, inajipigiza chini. Na ng'ombe je? Ng'ombe hana mikono, jamani. Mkia ndio mkono wake.

Basi shikeni hapo.

Kulikuwa na mkulima mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake. Kijiji chake sikisemi, msije mkaanza kuangaliana. Zizini mwake mlikuwa na ng'ombe wanne: mmoja wa maziwa, mtamba mmoja, na maksai wawili wa kuvuta plau. Maksai wa kwanza aliitwa Mkorofi, na jina lilimkaa. Alikuwa na mkia mrefu mweusi, singa zake zinagusa majani, mkia wa kuringia, ila ukisimama nyuma yake umejitakia. Wa pili aliitwa Mstaarabu. Huyo watoto walimning'inia shingoni, kuku walilala mgongoni mwake, na tangu azaliwe hakuwahi kumpiga mtu teke. Miaka tisa alivuta plau. Binti wa mzee yule, Nyanzala, alisoma kwa mahindi ya shamba lile mpaka akawa mwalimu, na mzee mwenyewe alikuwa akisema mbele za watu, "Huyu binti amesomeshwa na Mstaarabu."

Sasa mzee akachaguliwa kuingia baraza la wazee, kitu alichokitamani tangu ujana wake. Baraza lilikuwa la vijiji vingi, likikaa ng'ambo ya mto. Na desturi ya kule, mzee wa baraza haketi mikono mitupu. Anashika mgwisho, ule wa kufukuzia nzi, uliotengenezwa kwa mkia wa ng'ombe wake mwenyewe. Mkia huo hutoka kwa njia mbili tu: ng'ombe amechinjwa na watu wamekula, au amezeeka akafia zizini. Waliotangulia waliliweka hilo kwa makusudi, ili mtu asiyekubali kupoteza chake asiketi kuamua mambo ya wenzake.

Mzee akawaza. Wa maziwa, watoto wa majirani watakunywa nini? Mtamba ana mimba. Maksai ndio kilimo chenyewe. Kusubiri mmoja afe kwa uzee? Baraza linakaa mwezi ujao! Akazunguka na mawazo yake siku tatu, siku ya nne akamwendea mkewe uani.

"Mama Nyanzala, hivi ng'ombe analima kwa mkia?"

Mkewe alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. "Unataka kufanya nini, Baba Nyanzala?"

"Nauliza tu. Mkia si mguu, si jicho. Kitu kinaning'inia huko nyuma. Ukikatwa, wiki mbili umepona."

"Na nzi?"

"Nzi!" Mzee akacheka. "Ng'ombe mzima umwogopee nzi?"

"Mimi namwogopea ng'ombe," mkewe akasema. "Na hilo baraza utaliambia nini?"

Mzee akaenda kutafuta jiwe la kunolea. Kesho yake asubuhi aliingia zizini na panga alilolinoa vizuri. Alimwendea Mstaarabu, hata kamba hakumfunga, hakuona haja. Akaushika mkia, akakata.

Ng'ombe alitetemeka mwili mzima. Alilia mara moja, akageuza kichwa kutazama nini kimempata, na akamwona bwana wake. Basi akatulia. Ndugu zangu, akatulia! Akanyoosha ulimi, akalamba mkono wa shati la mtu yule yule. Mzee akabandika majivu kwenye kidonda haraka haraka, akatoka bila kumtazama usoni.

Mkia ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani, ukawekewa mpini wenye ngozi. Siku ya baraza ikafika. Mwenyekiti, mzee mkavu wa maneno machache, akaupokea mgwisho, akaupindua huku na huku.

"Mzuri. Mbona nyama yake hatukuila?"

Wazee wakacheka. Hapo mtu wetu alipewa nafasi ya kusema kweli, nafasi ya pumzi moja. Pumzi hiyo akaitumia hivi:

"Alikufa kwa uzee. Nyama haikufaa."

"Pole," mwenyekiti akasema, akamrudishia. "Keti."

Akaketi. Akajipepea. Na kusema kweli mgwisho ulifanya kazi, maana siku nzima hakuna nzi aliyetua usoni pake. Jioni alirudi nyumbani anaupunga barabarani hata pasipo na nzi, na watu wakamsalimia kwa kuinama.

Kidonda kikapona, kama alivyosema. Akajiona mwerevu. Kisha mvua zikanyesha, majani yakaota, na nzi wa masika wakaja, mnawajua, wale wasioelewa maana ya kufukuzwa. Mkorofi alikuwa anakula majani, na mkia wake unakwenda kulia, unakwenda kushoto, wala hajali. Mstaarabu naye alipiga kigutu chake. Kilikwenda kulia, kikaenda kushoto, hakikufika popote. Nzi walikaa. Akiinamisha kichwa ale, wanamjaa mgongoni, anaacha majani anakimbia. Akisimama, wanarudi. Mwisho akaacha kwenda machungani. Akawa anakuja kusimama nyuma ya jiko la Mama Nyanzala, kwenye moshi, macho yanamchuruzika, maana moshi aliuona afadhali.

Mzee alimwona pale kila siku. Alipita kando yake kwenda barazani, mgwisho mkononi. Mara ya kwanza alitazama pembeni. Mara ya pili alipitia njia ya nyuma ya nyumba. Unafikiri hakujua? Alijua. Ila kesi zilikuwa nyingi barazani, na watu walikuwa wanamngoja.

Ilipofika siku ya kulima, akamfunga nira. Nira ikachubua shingo, kama kawaida ya kulima. Mwaka mwingine ungekuwa mchubuko wa siku nne. Mwaka huu nzi wakatua penye mchubuko wasiondoke, na baada ya wiki moja kidonda kilikuwa na funza, na Mstaarabu alikuwa amelala ubavu, hainuki.

Bwana mifugo akaitwa. Akasafisha, akatoa funza, akapaka dawa, kisha akazunguka nyuma ya ng'ombe, akakigusa kigutu.

"Mzee, dawa ya kidonda ninayo, nimempa," alisema. "Ila nzi wakiendelea hivi, hatapona. Kitu cha kuwafukuza alikuwa nacho. Mimi hicho sina."

Mzee akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika mgwisho.

Akavuta kigoda, akaketi nyuma ya Mstaarabu, akaanza kufukuza nzi. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Tangu jua linachomoza mpaka nzi wanakwenda kulala. Kesho yake hivyo hivyo. Waliopita njiani walisimama kutazama, mmoja akamtania, "Mzee wa baraza, leo umekuwa mkia wa ng'ombe?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo. Niliuchukua, acha niufanyie kazi yake." Mjumbe akaja kumwita barazani. Akamwambia kawaambie sitakuja. Mkono ukivimba alihamishia mwingine. Mkewe alimletea uji, hakumsema, na hilo la kutosemwa lilimuuma kuliko kusemwa.

Siku ya tano, saa sita mchana, alikuwa bado anapunga. Mama Nyanzala akaja taratibu, akamshika kiganja.

"Baba Nyanzala. Acha. Amekwenda."

Alikuwa amekwenda kitambo, na mzee alikuwa bado anamfukuzia nzi.

Jioni wazee wa baraza wakavuka mto kuja kuona mwenzao amepatwa na nini. Walimkuta anachimba shimo, hakutaka mtu ale nyama ile. Akajipangusa mikono, akawaambia yote mbele ya mkewe, hakuficha hata moja. Wazee waliinama. Mwenyekiti akautazama mzoga, akakitazama kigutu, kisha akaokota mgwisho pale chini, akaukung'uta vumbi.

"Siku ile ulituambia mwenye mkia huu amekufa," akasema. "Leo amekufa. Mgwisho wako sasa ni halali. Shika."

Akamnyooshea.

Mzee akautazama. Kile alichokitamani tangu ujana, safari hii bila uongo, bila hila, anapewa mbele ya mashahidi. Mkono wake haukuinuka. Alilia, mtu mzima yule, alilia kwa sauti. Kisha akauchukua, na Mstaarabu alipokwisha kushushwa, akashuka nao shimoni, akauweka pale kwenye kigutu, mahali pake. Akaushikilia muda mrefu, kana kwamba ukikaa vizuri utashika. Haukushika.

Basi.

Ndugu zangu, nina swali moja, na ndilo lililonifanya niwasimulie. Maksai walikuwa wawili. Mkia mrefu, mweusi, wa kuringia, ulikuwa wa nani? Wa Mkorofi! Kama shida ilikuwa mgwisho mzuri, kwa nini panga halikwenda kwa Mkorofi?

Naam. Naona mama pale amejibu kwa midomo. Kwa sababu Mkorofi angempiga teke.

Hatuwakati wale wanaotupiga teke. Tunawakata wastaarabu. Nyumbani kuna watu wangapi, na tunayemwongezea mzigo ni yupi? Ni yule mgomvi? Ni yule asiyesema hapana. Dada wa kazi ana Jumapili yake moja ya kupumzika, mgeni akija ni Jumapili ile ile tunayoichukua, maana yeye atasema tu, "Sawa, mama." Mama anayefagia kanisa hili kabla hatujaamka, kila mwaka tunamwongezea na kufua vitambaa vya madhabahu. Nani amewahi kumuuliza? Tunachukua kitu ambacho kwetu ni kidogo, kinaning'inia tu huko nyuma, hatujui ndicho anachojikinga nacho mwenzetu. Tunasema atapona. Na kidonda kinapona kweli, kabla ya masika.

Mimi ninayesema hapa, mama yangu alikuwa na redio. Baba alipofariki, ile redio ndiyo iliyokuwa inaongea naye jioni. Nilipokwenda chuo cha uchungaji niliiomba. Kaka yangu alikuwa na redio kubwa kuliko ile, nzuri kuliko ile. Sikumwomba kaka, namjua. Nilimwomba mama. Akasema, "Chukua, mwanangu." Nikachukua, nikaondoka nafurahi. Siku ya mazishi yake ndipo jirani akanieleza kwamba miaka ile yote, jioni, mama alikuwa anabeba kigoda chake anakwenda kukaa nje ya ukuta wao, asikie redio yao ikiongea. Hakuwahi kuniambia. Ile redio ninayo mpaka leo, ipo kabatini. Siiwashi. Nitamrudishia nani?

Wengine humu bado hamjachelewa. Mwenyewe yuko hai, yuko nyumbani sasa hivi anapika mtakachokula mkitoka hapa, naye hatawaambia kitu, ndivyo alivyo. Usingoje akulalie ubavu. Nenda ukamuulize leo, "Nilichukua nini chako?" Atasema hakuna. Muulize tena.

Nilipoanza, mlikuwa mnajipepea kanisa zima. Sasa naona mikono imetulia, na joto ni lile lile.

Tusimame, tuombe.