Maswali ya Mtaa wa Mipera

Akuulizaye utokako ndiye atakayeuliza uliko. Ndivyo jirani yetu Mama Sifa alivyomwambia mjukuu wangu Edina jana jioni. Edina ameajiriwa hapa mjini, na kwangu pamejaa, kwa hiyo alikuwa ametoka kutafuta chumba cha kupanga. Aliona viwili, kimoja ng'ambo ya barabara, mtaa wa Misufini, na kingine huku huku kwetu Mipera. Cha Mipera alikipenda, lakini alirudi amenuna. Mwenye nyumba alimuuliza kabila, kazi, dini, kama ana mchumba, hata jina la babu mzaa baba.

"Nimekwenda kupanga chumba, sikwenda kuposwa," akasema.

Wadogo zake wakacheka. Mama Sifa akamtupia methali yake, kisha akaendelea kuchambua mchele kama vile hakusema kitu. Basi wakanigeukia mimi wote: nani aliisema kwanza, na kwa nini? Nikawaambia, kaeni. Edina, hata wewe uliyenuna, kaa. Methali hii ilianza hivi, na sehemu kubwa sikusimuliwa, nilikuwepo.

Wakati huo nilikuwa nikiuza mboga hapa Mipera, kwenye genge la Mama Lukelo. Yeye alikuwa na meza ya dagaa, nyanya na vitunguu mbele ya mlango wake, mimi nina benchi langu pembeni, la mchicha na majani ya maboga. Barabara ya kwenda stendi haikuwa na lami. Upande wa pili, Misufini, zilikuwa nyumba walizojengewa watumishi wa serikali, kila moja na bomba lake na ua wa michongoma uliokatwa ukanyooka juu kama meza. Ukipita saa nne asubuhi unasikia kandambili zako tu. Huku kwetu milango ilitazamana. Ukikaanga vitunguu, nyumba ya tatu wanakuuliza unapika nini, na usipokaanga wanakuuliza kwa nini.

Mwezi wa kumi na moja alikuja mwanamke mmoja, kama miaka thelathini na mitano hivi, mrefu, amevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe. Ilionekana kwenye pindo, lilikaa sawasawa. Jina lake Eufrasia. Alikuwa fundi cherehani, amepata nafasi ya kushona kwenye baraza la duka sokoni. Nyumba ya nyuma ya genge ilikuwa na chumba na ukumbi wazi, akaja kuvitazama.

"Shikamoo mama," akamwamkia Mama Lukelo.

"Marahaba. Mwenyeji wa wapi?"

"Natoka mbali kidogo."

"Mbali kidogo ndiyo kijiji gani hicho? Wewe ni Mngoni, nakusikia unavyosema. Una mume?"

"Sina."

"Alifariki au alikimbia?"

"Mama, nimekuja kuona chumba."

"Chumba kipo, hakina miguu. Unakaa na nani? Wazazi wako wapo?"

Nilimwona Eufrasia akitazama chini. Akasema, "Nakaa peke yangu." Akaaga kwa adabu, akavuka barabara.

Kule Misufini, nyumba ya uani ya mwalimu mmoja mstaafu ilikuwa tupu. Mwalimu alimfungulia, akamwonyesha bomba, akamkabidhi ufunguo. "Hapa kila mtu na lake, binti," akamwambia. "Hakuna atakayekusumbua." Eufrasia aliniambia baadaye kwamba maneno hayo yalimwingia kama maji ya kunywa. Siku hiyo hiyo akaichagua Misufini.

Sasa nisiwafiche, alikuwa na sababu. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mama yake, Bibi Skolastika, aliyemwacha kwa masista wa misheni siku mbili hizo za kutafuta nyumba. Bibi yule alikuwa anasahau. Si kusahau kama kwangu, kwa kutafuta miwani niliyoivaa. Alisahau kama amekula, akasahau kama mumewe alikufa, akasahau hata uso wa binti yake. Na alikuwa anatembea. Kule walikotoka alikuwa akiingia kwenye nyua za watu asubuhi na mapema, anasimama, anasema peke yake, anakunja nguo za watu zilizoanikwa. Siku moja akakutwa amesimama nje ya nyumba yenye mtoto mgonjwa, watu wakamzunguka. Mnajua wenyewe watu walivyosema. Neno hilo likishamshika bibi kizee halimwachii, na wengine hawaishii kwenye neno. Eufrasia akafunga mizigo wiki hiyo hiyo. Akaapa kwamba atakapofika, hakuna mtu atakayejua. Ndiyo maana maswali ya Mama Lukelo yalimchoma kama sindano, na ukimya wa Misufini ukamfaa.

Akamchukua mama yake kwa masista, wakakaa hivyo wiki kadhaa. Asubuhi anamwogesha mama, anamlisha uji, anafunga geti dogo la uani kwa kufuli, anakwenda sokoni. Mchana anarudi kumpa chakula. Alikuwa akilia njiani, aliniambia, kwa kumfungia mama yake kama mbuzi, lakini angefanyaje?

Ikafika wiki ya kufungua shule, mwezi wa kwanza. Wazazi wote wanataka sare kesho, na wote walikuwa na mwezi mzima wa kuzileta. Siku hiyo Eufrasia alitoka mbio na vitambaa kichwani, na kufuli alilibana juu juu, halikuingia. Aliporudi saa saba, geti lilikuwa wazi. Uji kwenye kikombe umeganda. Mama hayupo.

Akabisha hodi nyumba ya kwanza. Kijana akatoka amevaa vizuri, mstaarabu.

"Bibi? Ndiyo, nilimwona, dada, kama saa tatu. Amevaa kanga ya kijani. Alisimama hapa muda. Nilidhani ni mgeni wa jirani."

Nyumba ya pili, mama mmoja akasema, "Alikaa pale kwenye michongoma. Nilidhani anamsubiri mtu."

Nyumba ya tatu walimwona, ya nne walimwona. Mmoja alimpisha njia kwa heshima kabisa. Mtaa mzima ulimwona bibi yule akipita bila viatu, na hakuna aliyemuuliza neno. Si kwamba walikuwa watu wabaya, msije mkaniwekea maneno mdomoni. Yule mama wa nyumba ya pili alijifunga kanga nyingine palepale, akatoka naye kutafuta. Lakini alimwambia jambo moja ambalo Eufrasia hakulisahau. Alisema, "Dada, tusamehe. Hatukujua kama una mama."

Wakaachana njiani, huyu akaenda upande wa mto, Eufrasia akateremka barabarani. Na hapo ndipo alipotusikia. Maana genge lilikuwa limejaa watu, kelele imepanda, na katikati ya kelele akasikia sauti ya mama yake. Mtu aliyewahi kuona kundi limemzunguka mama yake haulizi mara mbili. Alikuja anakimbia, ametupa viatu, anasukuma watu. Mimi mwenyewe alinipiga kikumbo mchicha ukamwagika.

Alichokikuta ndicho hiki. Bibi Skolastika ameketi kwenye benchi langu, amefunikwa shuka la Mama Lukelo, mkononi kikombe cha togwa. Mbele yake Mzee Kalinga, Mhehe wa nyumba ya kona, amesimama na fimbo yake, na wawili hao wanatukanana.

"Babu yangu alimteka babu yako," anasema Mzee Kalinga. "Wewe hapa ni mali yangu. Simama unisalimie."

"Babu yako alikimbia vita," anajibu Bibi, macho yanang'aa. "Aliiacha ngao. Bibi yangu akaifanya ungo, akapepetea mahindi."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Huo ulikuwa utani, wajukuu zangu, utani wa Wahehe na Wangoni ulioanza pale mababu zao walipochoka kupigana. Mtani anaweza kukwambia lolote nawe hukasiriki.

Ilikuwa hivi. Bibi alivuka barabara kama saa nne. Mama Lukelo akamwona, na Mama Lukelo hajawahi kumwacha mtu apite. "Shikamoo bibi. Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Mbona huna viatu? Umekula?" Bibi akasema anakwenda kwa mama yake. Tukatazamana, maana mama yake angekuwa na miaka mia moja na ushee. Jina la mtaa hajui, jina la mtoto hajui. Mama Lukelo hakukata tamaa, akauliza na kuuliza, mpaka bibi akasema, "Mimi Mngoni." Hilo alilijua. Basi tukamwita Mzee Kalinga. Na kila bibi alipotaka kuinuka aende zake, Mzee Kalinga alimchokoza, naye akakaa tena ili amjibu, kwa sababu hakuna Mngoni atakayeondoka huku Mhehe ndiye aliyesema mwisho. Kwa muda wa saa tatu nzima alimzuia hivyo, bila kumshika hata mkono. Wakati huo tulikwisha kutuma mtu stendi na mwingine kanisani kuuliza nani amepotelewa na bibi.

Mama Lukelo akamtambua Eufrasia. "Wewe si yule wa chumba? Huyu bibi unamjua?"

Eufrasia alitugeukia. Nilimwona anavyohesabu nyuso zetu. Bibi naye akamtazama, akatuuliza sisi, "Binti huyu mzuri ni wa nani?"

Ndipo machozi yakamtoka. "Ni mama yangu," akasema. "Anasahau. Kule kwetu walisema ni mchawi."

"Si ulisema unakaa peke yako?" Mama Lukelo akauliza.

"Nilidanganya, mama."

Neno lile lilikuwa limetajwa mbele ya watu, na neno lile ni zito hata huku kwetu. Nilimwona mama mmoja akimvuta mtoto wake kando. Mzee Kalinga akaegemea fimbo yake, akamtazama bibi kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mchawi? Huyu? Uchawi unataka akili. Wangoni walipewa mikuki tu."

"Na nyinyi mkapewa mbio," akasema Bibi Skolastika.

Yule mama aliyemvuta mtoto ndiye aliyecheka wa kwanza. Akamwachia mkono.

Mama Lukelo akamkalisha Eufrasia, akaanza upya. Bibi anaitikia jina gani? Anapenda nini? Anaogopa mbwa? Akikasirika mnamtulizaje? Na Eufrasia, yule aliyekuwa akijibu neno moja moja, akajibu yote, akaongeza na ambayo hakuulizwa. Mwisho akauliza, "Kile chumba bado kipo?"

"Kilipata mtu siku nyingi," akasema Mama Lukelo. "Ulijiona mjanja."

Kwa hiyo hakuhama siku hiyo, wala mwezi huo. Aliendelea kulala Misufini, na kila asubuhi akawa anamshika mama yake mkono, anamvusha barabara, anamketisha kwenye benchi langu. Bibi akanisaidia kuchambua mboga. Alichambua vizuri kuliko mimi, vidole havikusahau. Geti la Misufini halikufungwa tena kwa kufuli. Mwezi wa nne chumba kikapatikana, nyumba ya nne kutoka hapa, na Eufrasia akaenda kurudisha ufunguo.

Mwalimu alisikitika. Alimpenda mpangaji yule, hana makuu. "Binti," akasema, "unaacha bomba lako na utulivu huu, unakwenda kule kwenye kelele? Kuna mtu hapa amekukosea? Nani amekusumbua?"

"Hakuna, Mwalimu. Mlinitunzia heshima yangu, nashukuru."

"Sasa kule wana nini?"

Eufrasia alifikiri. Hakutaka kumuumiza mzee wa watu. Akasema, "Kule wanauliza, Mwalimu. Mimi nilidhani akuulizaye utokako anakutafutia aibu. Kumbe ndiye atakayeuliza uliko."

Mwalimu alikaa na ufunguo mkononi, anaugeuzageuza. Bibi Skolastika alikuwa amesimama getini na kanga yake ya kijani, anangoja. Walikaa naye ua mmoja miezi mitano. Mwalimu akamtazama, akakohoa kidogo, kisha akauliza swali lake la kwanza.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Skolastika, Mwalimu. Skolastika Haule."

Mzee akainuka, akaenda mpaka getini, akamwamkia kwa jina.

Basi Edina, vyumba ni viwili na uchague mwenyewe, mimi sikuchagulii. Misufini kuna bomba, na watu wake ni wema. Ila ukiulizwa tena jina la babu yako, usinune. Litaje. Akuulizaye utokako ndiye atakayeuliza uliko.