Kidogo Tu kwenye Uji wa Mize

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye mtoto mgongoni amtulize. Kisa hiki kina kilio cha kutosha.

Zamani hizo, kabla ya bibi wa bibi yangu, kijijini palikuwa na mzazi, Mize. Ana siku sita tangu ajifungue, na maziwa hayatoki. Mtoto analia. Asubuhi nga! Mchana nga! nga! nga!

Mama mkwe akampikia uji wa pilipili manga, dawa ya mzazi tangu enzi. Kinu ku! ku! ku! Punje saba, hazizidi. Mize akaonja, akausukuma.

"Unaniunguza, mama. Siuwezi."

"Usipokunywa, mwanangu, huyu atanyonya nini?"

Nga... nga... Sauti ikaanza kufifia. Hapo ndipo watu walipoogopa.

Bi Mwatime, mkunga mkongwe, alipita kila siku kumjulia hali. Siku hiyo hakukaa. Akaenda mlangoni, akarudi. Akaonja uji. Koho! koho!

"Punje ngapi?"

"Saba, Bi. Naapa," akajibu mama mkwe.

"Tupeni hiyo pilipili!" akafoka baba mtoto. "Itaniulia mke."

"Nyamaza," akasema Bi Mwatime. "Wewe mwenyewe umekuzwa kwa pilipili hiyo."

Akaenda, akarudi. Ghafla akasimama, akatazama vidole vyake.

"Jana nilipopita jikoni nilitia kidogo," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Kesho yake, jua linachomoza, Bi Mwatime yuko kando ya chungu. Akaja shangazi, amefumba ngumi.

"Umeshika nini?"

"Kidogo tu, Bi. Nimwongezee nguvu."

"Lete."

Bi Mwatime akaifunga pilipili hiyo kwenye pindo la nguo yake. Akaja wifi. Kidogo tu. Akaja jirani, akaja dada wa jirani. Kidogo tu, Bi, kidogo tu! Hadi adhuhuri, fundo lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto.

Akawaita wote, akalifungua.

"Haya ndiyo mapenzi yenu. Na yangu yamo. Nani kati yenu angeyameza kwa siku moja?"

Shangazi akaanza kupiga chafya.

Uji ukapikwa upya, punje saba, Bi Mwatime akilinda mlangoni. Mize akanywa bakuli, akaomba la pili. Siku ya tatu nyumba ikanyamaza. Kilichosikika ni mtoto tu akinyonya: gubu, gubu, gubu.

Bi Mwatime alikufa mzee sana. Lakini hadi leo, pale kijijini, aingiaye jikoni kwa mzazi huuliza kwanza, "Nani ametia?" Nanyi, mkitaka kumsaidia mgonjwa, ulizeni kwanza amekwisha kupewa nini.

Kisa changu nimekiepua. Chungu kiko jikoni. Msitie kitu.