Kindi Atafuta Jina kwa Kiboko

— Wajukuu!
— Bibi!
— Nikiwapikia uongo mtaula?
— Tutaula!
— Hata usipokuwa na chumvi?
— Hata ukiwa na mchanga!

Haya, tulieni, na huyo anayetafuna aache.

Wanyama wa bonde moja walipata mtandao. Msiniulize nani aliuleta. Uliingia tu, kama kunguni. Basi kila mnyama akataka tovuti yake, kibanda chake huko hewani cha kuuzia vitu. Kibanda kinataka jina, na jina halichukuliwi ovyo. Unakwenda kwa msajili, msajili anapanda kilimani kwa Kobe mtunza majina, anamwachia kipande cha nyasi zake, jina linaandikwa. Kobe akishakula, harudishi.

Msajili mkubwa alikuwa Kiboko. Ukingo mzima wa mto ulikuwa nyasi zake. Akikuona anacheka mpaka magego yote unayaona. Mimi mtu akinichekea hivyo kabla sijanunua kitu, naishika pochi yangu.

Kindi alikuwa anauza korosho za kukaanga. Ukizitafuna zinalia chaku! chaku! Ndiyo maana watu wote wakaziita Chakuchaku. Msimu ulikuwa mlangoni, wateja wa mbali wanaulizia Chakuchaku mtandaoni. Akilikosa jina hilo, mwingine atawauzia korosho zenye funza, na matusi yatamrudia yeye.

Njiani akamkuta Digidigi analia.

"Una nini, shoga?"

"Jina langu! Nilimwuliza Kiboko kama liko wazi, akasema liko wazi. Nikaenda kumwuliza mume wangu. Kurudi, lina mwenyewe!"

"Mwenyewe nani?"

"Kiboko hasemi. Ila nikitoa malisho yangu yote, eti huyo mwenyewe ataliachia."

"Mh!" Kindi akakuna sikio. "Mwenyewe huyo hana magego makubwa kweli?"

Akaenda mtoni. Jina la Chakuchaku akaliacha kooni, halikufika hata ulimini.

"Bwana Kiboko, jina la Makamasi liko wazi?"

"Liko wazi, bibie!"

"Basi ngoja nikamwulize mume wangu."

Mume gani? Mumewe alishaliwa na mwewe zamani. Kindi akapanda mkuyu, akajibanza, macho chini.

Kiboko huyoo! Puh! puh! puh! kilimani. "Kobe, niandikie Makamasi, upesi!"

"Nyasi," akasema Kobe.

Nyasi zikatolewa. Kobe akala, nyam nyam nyam.

Kindi akarudi mtoni, amejishika kichwa.

"Pole, bibie," akasema Kiboko. "Makamasi lina mwenyewe sasa. Lakini ukileta magunia ya korosho nitakusemea."

"Nimekufa mimi! Basi Kikwapa liko wazi?"

"Liko wazi!"

"Ngoja nikamwulize mume wangu."

Kiboko huyoo! Puh! puh! puh! "Kobe, Kikwapa!" "Nyasi." Nyam nyam nyam.

"Na Tongotongo liko wazi?"

"Liko wazi!"

"Ngoja nikamwulize mume wangu."

Puh! puh! puh! "Nyasi." Nyam nyam nyam.

Ikawa ndiyo kazi. Kindi anauliza, Kiboko anakimbia, Kobe anakula. Kiboko hakujiuliza hata mara moja nani atanunua korosho za Tongotongo. Alikuwa anaona magunia tu.

Kiboko alipokuwa amejilaza mtoni, ulimi nje, anahema, Kindi akaenda kwa Kwale, msajili mdogo mwenye kijishamba cha nyasi nyuma ya kichuguu.

"Wewe nawe," akamwambia, "jina litaandikwa la nani?"

"Lako, dada."

"Mwakani hutanipandishia?"

"Bei ya mwakani hii hapa, nakwambia leo."

"Nikikuchoka?"

"Nakupa ufunguo wa jina, unahamia kwa msajili mwingine."

"Unafaidika nini?"

"Kikapu cha korosho."

"Ungesema hufaidiki kitu, ningekimbia."

Hata hivyo hakumtajia jina. Alimfuata mpaka mbele ya Kobe, akangoja kwanza kalamu ishikwe na nyasi zitolewe, ndipo akasema, "Chakuchaku. Andika Kindi."

Kobe akaandika.

Msimu ukaanza. Oda zikamiminika, chaku! chaku! bonde zima. Kiboko akaja mbio.

"Bibie, jina hilo mbona hukuniuliza?"

"Lilinitoka kichwani, babu."

"Basi chukua Makamasi! Nakupa na Kikwapa juu yake!"

"Ngoja nikamwulize mume wangu."

Akapanda mti wake, akaendelea kukaanga. Kiboko akamwendea Kobe arudishiwe nyasi. Kobe akaingiza kichwa ndani. Kiboko akarudi ukingoni kwake: vumbi tupu. Ndiyo maana mpaka kesho Kiboko hashibi ila kwa kutoka mtoni na kutembea mbali, na tumbo lote lile, akitafuta majani.

Na Digidigi? Jina lake hakulipata. Mlitaka alipate? Alichukua jingine, kwa Kwale, na safari hii hakumwuliza mume.

Nami nimemaliza, sufuria nimeifunika. Anayeona uongo umepwaya akaupike upya kwao.

Funzo lake ni hili, wajukuu zangu: shaka ni tabia mbaya. Mkitaka jina, nendeni kwa msajili yule mwenye cheko kubwa kuliko wote, mtajieni jina lenu kwa sauti, kisha rudini nyumbani mkalifikirie taratibu.