Gugu la Ambokile

Gugu lililoshinda dawa halizai mnyonge. Mmeisikia leo mkacheka, sasa mwataka chimbuko lake. Methali hii ilianza hivi.

Huko Kyela aliishi mkulima wa mpunga, Ambokile, mwenye majivuno kama jogoo. Kila msimu alipiga dawa ileile, na waliopalilia kwa mkono aliwaita wachimba minyoo.

Msimu mmoja dawa ikaua magugu yote, ila mashina machache yakabaki yamesimama. Mkewe Sekela akamwambia ayang'oe kabla hayajatoa mbegu. Ambokile akakataa. Angeinamaje shambani, watu waseme dawa yake imeshindwa?

Msimu uliofuata yalijaa shamba zima. Akaongeza dawa, mpunga ukawa manjano, magugu yakanawiri. Bwana shamba alimshauri abadilishe dawa na mazao, na ang'oe kila gugu litakalosalia. Akamtajia pia mashine zenye macho zinazoundwa, zitakazobagua gugu na mpunga.

“Zitafika lini?” Ambokile akauliza.

“Sijui. Mikono unayo.”

Siku hizo mama mkwe wake, Bibi Atuganile, mjane, akaomba mbegu. Ambokile alijua mpunga wake umechanganyika na mbegu za gugu lile. Lakini kumwambia mkwe kwamba huna mbegu safi ni aibu, naye aibu hiyo aliikwepa. Akapeleka gunia.

Mvua zilipokolea, akaitwa ukweni. Alimkuta bibi katikati ya shamba, mpunga hauonekani kwa magugu. Chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa humo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nimepiga dawa, hili halifi. Shambani kwangu halikuwapo. Limetoka wapi?”

Angeweza kusingizia mafuriko.

“Limetoka kwangu, mama.”

“Ulijua?”

“Nilijua.”

Bibi hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alisogea kidogo, akamwachia nafasi kando yake, mahali ambapo mkwe mwenye heshima zake hasimami.

“Basi inama, baba. Yavute na mizizi. Mama yao aliishinda dawa, hawa si wanyonge.”

Ambokile akainama. Shamba lilikuwa kando ya njia ya sokoni, na wale aliowaita wachimba minyoo walipita wakimsalimu kwa adabu, mmoja mmoja. Kila salamu ilimchoma. Aliitikia bila kuinua uso, kwa sababu machozi yalikuwa yakimtoka mbele ya mkwewe.

Ndiyo maana Kyela, mtu akiona kosa dogo akalifumbia macho kwa kuchelea aibu, huambiwa: gugu lililoshinda dawa halizai mnyonge.