Vigae Katika Udongo

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi, mjane, fundi hasa. Kwao ilikuwa desturi mama amfinyangie binti yake mtungi wa kwenda nao kwa mumewe. Harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia, na mitungi yake yote ilikuwa inapasukia motoni.

Mnajua kwa nini? Wafinyanzi huchanganya udongo na vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vikishatwangwa vikawa chenga. Udongo mtupu ukipata moto hujibana, mvuke ukakosa pa kutokea. Chenga za vigae zimeshaungua zamani. Moto hauzishtui, na zinaupa mvuke njia. Lakini kutwanga vigae ni kazi ya watu wawili, na mama huyu hakuwa na wa pili. Alikuwa akitwanga na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi alipoachika, mama akampiga marufuku kukanyaga kwake, watu wasije wakasema. Basi akawa anafinyanga udongo mtupu, anajiambia ndio unaong'aa. Jioni anaongea na kuku. Upweke ulimla yule mama, tusifichane.

Mtungi mwingine ulipopasuka kabla haujaiva, vipande vyake visifae kuwa vigae, akajifunga kanga, akaenda kwa wifi yake. Akasimama mlangoni.

"Wifi, naomba vigae."

"Vipo, wifi yangu. Chukua." Yule akamjazia kikapu, kisha akamtazama. "Nije tutwange wote?"

Mama alitamani kusema ndiyo. Akawaza majirani.

"Hapana, wifi. Nitaweza mwenyewe."

Akatwanga peke yake hadi viganja vikachubuka. Mtungi ukaiva, haukupata hata ufa. Binti akaupokea kwa vigelegele, akaenda zake. Mama akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa.

Nawauliza, huyu alijifunza nini? Alikubali vilivyovunjika viingie kwenye udongo wake, lakini aliyevunjika asiingie nyumbani kwake!

Na sisi je? Aliyeachika tunamkwepa. Aliyetoka jela tunamkalia mbali. Halafu moto ukitufika tunashangaa mbona tunapasuka, na waliokwisha kuungua, ambao wangetushika, tuliwafukuza wenyewe. Wewe unamjua wako. Hata sasa hivi umemkumbuka. Leo tukitoka hapa, usiupite mlango wake. Bisha hodi.