Kwa Nini Mafuta ya Ndevu za Miti Huanzia Visiginoni

Mnacheka kwamba bibi yenu nampaka mtoto kuanzia visigino, kama mtu asiyejua uso uko wapi. Chekeni, ila masikio myaache hapa kwangu.

Hapo kale, ukungu wa milima hii ya Upare ulipokuwa ukifika hadi vizingitini, ndevu za miti hazikuishi mbali kama leo. Zile nyuzi za kijivu, ambazo wenye shule huziita kuvumwani, ziliota hata kwenye nguzo za nyumba na ua wa mbuzi. Ukiziloweka jioni katika mafuta ya mbarika, asubuhi chungu kizima kilinukia, na ngozi iliyopakwa haikujua baridi. Sharti lilikuwa moja tu: uchukue zilizoanguka zenyewe. Mti ni mzee, na ndevu za mzee hazivutwi.

Mama mmoja, Nakijwa, aliwashinda wote kwa kutengeneza mafuta hayo. Binti yake alipoposwa, alitaka ang'ae kuliko bibi harusi yeyote aliyewahi kutoka kijijini. Siku hizo upepo ulikuwa umetulia, ndevu hazikuanguka za kutosha. Angeweza kungoja. Badala yake alishika kisu, akakwangua mti hadi kwenye gome, kisha mwingine, mpaka kijiji kizima kikabaki na miti iliyonyolewa. Majirani walimwona wakanyamaza, maana nao walikuwa wamealikwa.

Harusi ilipendeza, siwadanganyi. Bibi harusi alipakwa, wageni wakapakwa, na chungu kikakauka.

Kipupwe kikaingia. Ukungu ulikosa pa kushika kijijini, ukapanda juu, na ndevu chache zilizosalia zikaufuata. Ndipo Namkunda, mdogo wake Nakijwa, alipojifungua mtoto wa kiume. Baridi kavu ikampasua ngozi, akawa analia hata akiguswa na nguo.

"Dada, hata tone?" Namkunda aliuliza.

Nakijwa akainamisha chungu. Hakikutoa kitu.

Alipanda msituni akilia, hadi kwenye mkulo mkongwe uliojaa ndevu, akauomba msamaha mti ule.

"Sikunyimi, mwanangu," mkulo ukasema. "Lakini ndevu zetu hazitaota tena karibu na visu vyenu, wala hazitafanya haraka."

Ukadondosha ndevu za kujaa kiganja.

Akaziloweka. Asubuhi hapakuwa na harufu, wala kesho yake. Mwezi ulichomoza ukafa ndipo chungu kikanukia, na muda wote huo kilio cha mtoto kilisikika nyumba kwa nyumba. Akampaka uso, kifua, tumbo, mikono, mapaja. Ngozi ikalainika chini ya vidole vyake. Alipofika vifundoni, mafuta yakaisha.

Mtoto alikua, akaoa, na nyufa za visigino vyake hazikufunga kamwe. Kila kipupwe Nakijwa alimfuata na mafuta mapya, naye alinyoosha miguu bila kumlaumu mama yake mkubwa. Hilo ndilo lililomuuma Nakijwa zaidi, mpaka akaingia kaburini nalo.

Na tangu siku hiyo ndevu za miti huishi juu kwenye ukungu, huota polepole kuliko subira ya mtu, na mafuta yake hutaka mwezi mzima. Nasi wa milimani visigino hutupasuka baridi ikija. Basi tukipaka huanzia huko, ingawa tunajua tumechelewa.

Haya, nipeni mtoto. Mguu kwanza.