Nyota ya Kuku wa Tukuyu

Sogeeni, nina kesi hapa, na mimi mwenyewe imenishinda.

Palikuwa na watu watatu waliojuana kwa simu tu, katika Baraza la Wafugaji, ukumbi wa mtandaoni wa kuulizana mambo ya mifugo. Mzee Malunde wa Tabora alikuwa na jicho: mwonyeshe picha ya kuku, atakutajia ugonjwa wake. Zamda wa Mbeya alikuwa na miguu: dawa ikiadimika, ataitafuta mji mzima. Nyamhanga wa Tarime alikuwa na salamu. Basi.

Barazani jibu zuri hupata alama. Salamu hukata alama, maana msimamizi alichoshwa na "habari za asubuhi" zinazojaza ukumbi. Mwaka ukiisha, asiye na alama hutolewa. Na namba za simu hufichwa, kwa hiyo akitolewa ndiyo mmepoteana.

Kule Tukuyu aliishi Mama Atuganile, mjane. Watoto wako mbali, hupiga simu wakikumbuka. Nyumba ilikuwa kimya mno. Wa kumpigia kelele walibaki kuku wake. Asubuhi moja akawakuta wamevimba nyuso, kamasi zinawatoka.

"Hicho kideri, mama, hakina tiba," jirani akamwambia. "Chinja wote uwahi."

Akakaa mlangoni na kisu, akalia. Kisha akapiga picha, akauliza barazani: "Nifanye nini? Kisu ninacho mkononi."

Mzee Malunde akaitazama ile picha. "Weka kisu chini, binti yangu. Hayo ni mafua, yanatibika." Akataja na dawa.

Dawa yenyewe Tukuyu haikuwepo. Zamda akafunga kibanda chake cha mboga, akazunguka maduka ya Mbeya mpaka akaipata, akaituma kwa basi. "Kaipokee stendi, mama, mvua isikuwahi."

Lakini dawa ilitakiwa kila siku, na kuku wa kwanza walipokufa, Atuganile alikata tamaa, akajifunika blanketi. Simu ikalia, ujumbe wa barazani, wa Nyamhanga: "Umeamkaje, dada? Kuku wamekunywa?" Akaona haya, akaamka, akawanywesha. Kesho yake tena, na siku zilizofuata. Kila salamu ilimkata Nyamhanga alama, naye hakuacha, mpaka zikamwishia.

"Na wako wanaendeleaje?" Atuganile alimwuliza.

"Sina kuku, dada. Nilishindwa kuwatunza mke wangu alipofariki. Nimebaki humu nisikie watu."

Kuku wakapona. Jogoo akawika, na Atuganile akacheka peke yake jikoni.

Sasa muulizaji hupewa nyota moja yenye alama, ampe mtu mmoja aliyemjibu. Malunde akiipata, atakuwa mwalimu wa baraza. Nyumbani kwake hakuna anayemsikiliza tena. Zamda akiipata, atapewa mashine ya kutotolea vifaranga. Siku ile ya dawa mboga zake zilinyauka. Nyamhanga akiikosa, leo jioni mwaka wa baraza unaisha, naye anatolewa.

Atuganile ameshika simu. Bila jicho la mzee angechinja. Bila miguu ya Zamda dawa isingefika. Bila ile salamu dawa ingekaa kwenye chupa.

Ujumbe ukaingia, wa Nyamhanga: "Mpe mzee au Zamda, dada. Salamu si jibu. Mimi kimya nimekizoea."

Atuganile aliusoma, machozi yakamdondoka. Kidole chake bado kiko juu ya kioo, na jioni inakaribia.

Haya, jamani, kidole hicho kingekuwa chako, kingeshuka kwa nani?